Umeme wa Kwenye Boksi

Msimu wa kuvuna miwa ulipoanza, chumba cha mbele cha Vasiti kilijaa watu tangu asubuhi. Nyumba yake ipo kando ya barabara iendayo kwenye kiwanda cha sukari cha Labasa, nchini Fiji. Malori ya miwa hupanga foleni mbele ya geti lake, na madereva wanaosubiri zamu hushuka kuja kutoa nakala za leseni. Wakulima huja na fomu. Akina mama huja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Vasiti huchapa, hupiga picha za pasipoti, huingiza karatasi za watu kwenye kompyuta kwa skana. Mumewe, Isoa, anaendesha mojawapo ya malori hayo.

Kompyuta ya Vasiti ni ndogo, ya kufungua na kufunga kama kitabu. Ina matundu mawili tu ya USB. Vifaa vyake ni vitano: printa, skana, kamera, kipaza sauti, na diski ya nje. Kwa hiyo kutwa alikuwa akichomoa hiki ili achomeke kile, na wateja wakimtazama wanapumua kwa kuchoka.

Hiyo diski ya nje ni kiboksi cheusi kinachoenea kiganjani. Ndani yake Vasiti alikuwa ameweka kitu ambacho hakikuwa chake peke yake. Shangazi yake Isoa, bibi Merewalesi, aliishi nao. Yeye ndiye aliyekuwa mtunzi wa meke wa ukoo, yaani zile nyimbo ambazo wazee huziimba wameketi huku vijana wakicheza kwa mistari mbele yao. Tatu kati ya nyimbo zake hakuna mwingine aliyezijua. Wa tatu ulikuwa mrefu kuliko zote, na ulitaja majina ya mababu wa ukoo mmoja mmoja, tangu yule aliyevuka mto kwanza.

Kwa miezi bibi alikataa kurekodiwa. Alisema hataki sauti yake ifungiwe kwenye kiboksi. Halafu siku moja, wakila mihogo na samaki wa kopo, akasema tu, "Haya, lete hicho kipaza sauti chako. Nimeanza kusahau majina ya watu niliokula nao."

Wakarekodi kila jioni ya Jumapili mpaka nyimbo zote tatu zikaisha.

Wakati huohuo Vasiti alichoka na matundu mawili. Akaenda mjini, kwenye duka la Netani. Netani ni binamu wa Isoa, baba zao ni ndugu, na bibi Merewalesi ni shangazi yake vilevile. Vasiti alimweleza vizuri anachotaka: kigawanyio cha USB, kile kifaa kinachochomekwa kwenye tundu moja la kompyuta na kukupa matundu mengi. Akamwambia pia kwamba atachomeka diski yenye vitu muhimu.

"Chukua hiki, shemeji," Netani alisema, akashusha boksi lenye maandishi ya kung'aa. "Matundu saba, na kina umeme wake wa ukutani. Hata friji kitabeba."

Ndani ya boksi mlikuwa na kigawanyio na adapta ya kuchomeka ukutani. Vasiti alipofika nyumbani akavichomeka, taa nyekundu ikawaka. Akapanga vifaa vyake vyote vitano na moyo ukatulia.

Hakutulia kwa muda mrefu. Kila skana ilipoanza kusogea, diski ilitoa mlio, tik, tik, kisha ikatoweka kwenye kompyuta. Baada ya muda ilirudi yenyewe. Mteja mmoja akaomba kuchaji simu kwenye mojawapo ya matundu yaliyobaki, na hapo diski ikatoweka mara tatu kwa saa moja. Vasiti akampigia Netani. Netani akasema kompyuta yake imezeeka. Vasiti akaamini, kwa sababu kweli ilikuwa imezeeka.

Mwezi wa Agosti bibi Merewalesi alipata kiharusi. Alirudi kutoka hospitali akiwa hai, lakini upande wa kulia ulikuwa umelala na maneno hayakutoka. Alielewa kila kitu. Alitikisa kichwa, alikubali kwa macho, aligonga mkeka kwa mkono wa kushoto akitaka maji. Kuimba ndiyo basi.

Wiki mbili baadaye mkubwa wa ukoo alituma ujumbe kutoka kijijini. Ukumbi mpya wa kanisa ungefunguliwa Oktoba, na ukoo ulitaka kucheza meke zote tatu za Merewalesi. Vijana waanze mazoezi. Vasiti alete nyimbo.

Asubuhi hiyo Vasiti alifungua diski ili ahamishie nyimbo kwenye flashi. Mkulima mmoja alikuwa ameketi na karatasi zake, akiwahi basi. Vasiti akaona si vibaya kumfanyia huku nyimbo zikiendelea kunakiliwa. Akabonyeza skana. Skana ikaguna, diski ikalia tik, na kioo cha kompyuta kikaganda. Diski iliporudi, kompyuta ilimwandikia kwamba haiwezi kuisoma, na ikamuuliza kama anataka kuiandaa upya.

Alikaa na kidole hewani. Alijua maana ya kuandaa upya: ni kufuta vyote. Akachomoa diski, akaifunga kwenye kitambaa, akaiweka kabatini juu ya shuka. Kisha akamwomba mkulima radhi na kufunga mlango.

Siku hiyohiyo alikwenda kwa Netani na kigawanyio mkononi. Duka lilikuwa na watu watano au sita. Alieleza kilichotokea kwa sauti ya chini, kama mtu anavyozungumza na ndugu. Netani alisikiliza nusu. Akasema lazima amechomoa diski vibaya, akina mama wengi wanachomoa tu kama pasi. Akasema amekwisha kuuza zaidi ya arobaini na hakuna aliyelalamika. Wateja wawili wakacheka. Halafu akamwita aketi anywe soda.

Vasiti hakuketi. Alitoka na kigawanyio chake, mashavu yakimuwaka, akapita stendi yote bila kujibu salamu za watu.

Jioni alimwambia Isoa. Isoa ni mtu mpole, na ugomvi wa ndugu anauogopa kuliko gari lisilo na breki. Akasema vitu vya kompyuta huharibika, tena Netani ni damu yao, basi aachane naye. Vasiti akamuuliza kama yeye ndiye atakayemwambia mkubwa wa ukoo kwamba nyimbo hazipo.

Kesho yake Vasiti akavuka mtaro kwenda kwa jirani yake, Parmila. Parmila ni mama wa miaka sitini na kitu. Alifanya kazi miaka ishirini na sita katika karakana ya kiwanda cha sukari, akitengeneza mita na saa za mitambo, na mpaka leo meza yake ya jikoni ina bisibisi nyingi kuliko vijiko. Alikuwa anakanda unga wa roti. Akamsikiliza Vasiti mpaka mwisho, akanawa mikono, akasema alete vyote viwili.

Kwanza aliipima adapta mkononi. Akacheka kidogo puani.

"Nyepesi kama maganda ya vitunguu. Haya, nisomee hapa chini imeandikwa nini. Usisome boksi. Boksi ni mdomo wa muuzaji."

Vasiti akasoma herufi ndogo kwenye adapta: volti tano, ampea moja.

Parmila akamweleza taratibu, akisukuma chapati ya kwanza. Volti ni msukumo wa umeme, na matundu ya kawaida ya USB hutumia volti tano. Ampea ni wingi wa umeme unaoweza kutoka. Diski kama ile, inapoanza kuzunguka, hutaka karibu ampea moja peke yake. Skana isiyo na waya wa ukutani hutaka nusu. Kamera nusu. Simu ya mteja inaweza kutaka moja au zaidi. Printa ina umeme wake, haihesabiki. Sasa matundu saba kwa ampea moja ni sawa na kualika watu saba kwenye roti moja.

"Lakini kigawanyio kilikuwa kinachukua na umeme wa kompyuta pia," Vasiti alisema.

"Kinachukua wa kompyuta tu, nadhani. Ngoja."

Akachukua bisibisi nyembamba, akabandua kifuniko cha kigawanyio. Ndani mlikuwa na kibao kidogo cha kijani na nafasi kubwa tupu. Akamwita Vasiti asogee dirishani. Pale adapta inapochomekwa palitoka nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Zilikwenda hadi kwenye taa ndogo, zikaishia hapo. Kwenye matundu saba hazikufika. Hazikuwa zimekatika wala kuungua. Hazikuwahi kuunganishwa.

Parmila akaleta mita yake, akagusa huku na huku ili kuhakikisha. Mshale haukucheza.

"Umeona? Ukichomeka ukutani, unawasha taa, basi. Vifaa vyako vyote vilikuwa vinanyonya kwenye tundu moja la kompyuta. Na tundu la kompyuta halitoi hata ampea moja kamili. Skana ikivuta, diski inakosa pumzi. Ikikosa pumzi katikati ya kazi, ndiyo inaharibu orodha ya vitu vyake."

Vasiti alizitazama zile nyaya mbili. Zilikuwa na urefu wa kidole. Hasira aliyokuwa nayo jana ilikuwa ya kuaibishwa. Hii ilikuwa nyingine kabisa. Jana alidhani labda kosa ni lake. Sasa aliona kwamba mtu fulani, mahali fulani, alikaa mezani akaunganisha waya kwenye taa ili taa imdanganye mnunuzi. Na mtu mwingine alikinunua kwa jumla bila kukifungua, akamwambia ndugu yake kinabeba friji.

"Walijua," alisema. "Aliyetengeneza hiki alijua kabisa."

"Alijua. Tena njoo uone kingine." Parmila akamwonyesha kichwa cha waya kinachoingia kwenye kompyuta. Ndani kilikuwa na plastiki ya bluu, ile inayotumiwa kwenye vifaa vya kasi. Akamwambia ahesabu vipande vya shaba. Vilikuwa vinne. Kichwa cha kasi kweli kina vinne na vitano vingine vidogo, jumla tisa. "Bluu ni rangi tu, Vasiti. Rangi inauzwa dukani."

Diski ilibaki kwa Parmila siku nne. Aliichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta yake kubwa, bila kigawanyio chochote, na kwanza akainakili yote kama ilivyo, hata palipoharibika. Ni hiyo nakala aliyoifanyia kazi kwa programu ya kufufua faili. Siku ya nne alivuka mtaro mwenyewe, akaketi kwenye ngazi, akamwambia Vasiti habari bila kuipamba. Wimbo wa kwanza umepatikana wote. Wa pili umepatikana wote. Wa tatu umepatikana mpaka dakika ya kumi na moja. Baada ya hapo hakuna kitu.

Wimbo wa tatu ulikuwa wa dakika kumi na tisa.

Vasiti alimwita Isoa, akamwonyesha kigawanyio kilichofunguliwa. Isoa alipitisha kucha yake kwenye ule waya mwekundu, kutoka mwanzo hadi mwisho wake, mara mbili. Kisha akavaa viatu.

Walikuta duka limejaa. Vasiti aliweka kigawanyio wazi juu ya meza ya kioo. Safari hii hakupunguza sauti.

"Shemeji, uliniambia kina umeme wake. Nionyeshe unapopita."

Netani alitazama, akasema yeye hatengenezi vitu, anauza kilichokuja kwenye boksi. Vasiti akamwambia afungue kingine basi, kipya, hapo hapo mbele ya watu. Netani akamtazama Isoa, akitegemea kuokolewa. Isoa akasema, "Fungua." Hilo ndilo neno lake pekee siku hiyo.

Netani akafungua. Nyaya mbili, taa, nafasi tupu. Mama mmoja aliyekuwa ameshika boksi kama lile akalirudisha kwenye rafu.

"Pesa yako nitarudisha," Netani alisema.

"Utarudisha. Ni sheria, na ukikataa najua ofisi ya kutetea wanunuzi ilipo. Lakini kuna kisichorudi. Wimbo wa shangazi umekatika kwenye majina. Najua jina lililofuata lilikuwa la babu yenu, maana hilo aliniambia. Jinsi alivyoliimba sijui mimi, hujui wewe, na yeye mwenyewe hawezi kulitamka tena. Na wewe ukanicheka, ukaniambia nimechomoa kama pasi."

Netani alifungua droo, akatoa pesa. Hakuomba radhi. Vasiti alizichukua, kisha akabaki amesimama pale pale na kumwambia hataondoka mpaka yale maboksi yashuke. Netani alisubiri kidogo kuona kama anatania. Halafu akapanda kwenye kiti na kuyashusha yote, kumi na nane, akayaweka sakafuni nyuma ya pazia.

Siku ya kununua kingine Vasiti alikwenda na Parmila kwenye duka jingine, upande wa sokoni. Muuzaji alikuwa msichana aitwaye Ateca. Safari hii Vasiti ndiye aliyeuliza, na Parmila alinyamaza nyuma yake akila karanga. Aliomba kuona adapta kabla ya boksi. Ya kwanza ilikuwa ampea mbili. Alishajumlisha vifaa vyake, vilifika mbili, na Parmila alimwambia asinunue kinachotosha kamili bali aache nafasi, kwa hiyo akairudisha. Ya pili ilikuwa volti tano, ampea nne, matundu manne tu. Adapta ilikuwa nzito, plagi yake ya Fiji yenyewe bila kiunganishi cha kubandika, jina la mtengenezaji lilikuwa moja kwenye adapta na kwenye kigawanyio. Akachungulia mdomo wa waya, akahesabu tisa.

Kisha akaomba kijaribiwe. Ateca alishangaa kidogo lakini hakukataa. Vasiti alikuwa amekuja na kompyuta, skana na diski mpya isiyo na kitu. Wakachomeka kigawanyio ukutani kwanza, kabla ya kukiunganisha na kompyuta. Hapo Parmila akatoa mita na kugusa kile kichwa kinachoingia kwenye kompyuta. Hakikuwa na umeme. Akamweleza Ateca kwamba ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu vigawanyio vibaya hurudisha umeme kwenye kompyuta na kuiunguza. Ndipo wakaunganisha vyote. Diski ikanakili, skana ikasogea, simu ya Ateca ikachajiwa, vyote kwa pamoja. Diski haikulia hata mara moja. Vasiti akapewa risiti yenye dhamana ya mwaka mmoja, imeandikwa na kupigwa muhuri.

Ateca aliwauliza kama anaweza kuwaonyesha wateja wengine namna hiyo ya kuhesabu vipande vya shaba. Parmila akamwambia amuonyeshe hata bosi wake.

Tangu hapo chumba cha mbele kinakwenda vizuri. Simu za wateja huchajiwa ukutani, si kwenye kompyuta. Vasiti hachomoi diski kabla kompyuta haijamwambia kwamba ni salama. Vitu vya maana huviweka kwenye diski mbili, na ya pili hukaa kwa Parmila, kwenye kopo la biskuti. Watu wakija na vigawanyio vyao, huwasomea adapta kabla hata hawajaketi. Wengine humwona msumbufu. Hajali.

Mwezi wa Oktoba ukoo ulikusanyika kijijini. Vijana walikuwa wamefanya mazoezi wiki tano kwa sauti ya bibi Merewalesi iliyotoka kwenye spika. Bibi aliletwa na gari la Isoa, akaketishwa kwenye mkeka mbele, pembeni ya waimbaji. Netani naye alikuwapo, nyuma kabisa, karibu na mlango.

Meke ya kwanza ikachezwa, kisha ya pili, na watu wakashangilia. Ya tatu ilianza na majina. Waimbaji waliyataja moja baada ya jingine, wachezaji wakiinama kwa kila jina, mpaka wakafika mahali ambapo rekodi ilikatika. Wazee walikuwa wamekubaliana kwamba hawatatunga la kuzibia. Kwa hiyo sauti zilikoma katikati ya mstari, na mikono ya wachezaji ikabaki hewani.

Bibi Merewalesi aliendelea kugonga mkeka kwa mkono wake wa kushoto. Aligonga wimbo wote uliobaki, dakika nane, bila kukosea pigo. Hakuna aliyejua maneno yake, na hakuna mchezaji aliyeketi mpaka alipomaliza.